Bolti za Mzee Kutu

Tangi lilianguka asubuhi, mashuka ya hospitali yakiwa yameshatoka na ya nyumba za wageni hayajaingia. Watu wa barabarani walisikia kwanza chuma kikisuguana na chuma, mlio mrefu kama wa mtu anayeburuta kitanda sakafuni, kisha kishindo, kisha maji. Maji yalipita chini ya lango la kiwanda cha kufulia, yakavuka barabara na povu lake. Mwenye duka la ng'ambo akacheka akidhani mashine imepasuka. Alikata kicheko alipoona kandambili inaelea, akaijua ni ya nani.

Ilikuwa ya Bosi, mwenye kiwanda. Kila asubuhi Bosi aliweka kiti chake cha plastiki kwenye kivuli cha mnara wa tangi, akakagua mashuka moja moja kabla hayajarudi kwa wenyewe. Siku hiyo hakuwahi hata kusimama.

Sajini alifika saa mbili na nusu, na konstebo wake nyuma. Alikuwa mwanamke mfupi, mpole wa kusema, mgumu wa kuacha jambo. Wenzake kituoni walimwita Kupe, naye alishazoea.

Mnara ulikuwa wa kawaida. Miguu minne ya bomba nene, na kila mguu una vipande viwili, bomba la juu limeingia ndani ya bomba la chini kama mkono ndani ya shati. Kilichozuia bomba la juu lisizame ni bolti moja nene iliyotoboa mabomba yote mawili. Miguu ya nyuma ilikuwa bado na bolti zake. Kwenye miguu ya mbele mabomba ya juu yalikuwa yamezama mpaka mwisho, mnara ukainama, tangi likamlalia mtu.

"Nimemwacha hapa anapiga mluzi," alisema msimamizi wa kazi. Huyu alikuwa kaka wa mke wa marehemu, na pale kiwandani kila mtu, hata asiye ndugu, alimwita Shemeji. "Nimewasha pampu ijaze tangi kama siku zote, nikapakia mashuka ya hospitali, nikaondoka. Narudi, nakuta dunia imepinduka."

"Mnara huu nani anauangalia?"

"Mzee Kutu, fundi. Juzi juzi tu alikuja kupaka dawa ya kutu. Kachukua ujira wake, kaenda zake. Hebu ona alichokifanya, afande!"

Alinyoosha kidole. Kando ya mguu wa mbele palikuwa na nusu ya bolti, upande wa kichwa. Kutu ilikuwa imeila mpaka ikawa rangi ya tofali, na pale ilipokatika palikuwa na meno meno. Sajini alipoiokota, unga wa kahawia ulibaki kidoleni. Nusu ya pili hawakuiona, wala bolti ya mguu wa pili. Konstebo alisema maji yatakuwa yamezisukuma mtaroni.

"Mimi hii dawa naijua," Shemeji aliendelea. "Tunayo hata hapa, ya kutolea madoa ya kutu kwenye mashuka. Unapaka, unasuuza, doa linaondoka, panabaki peupe. Kazi yake ni kung'arisha. Sasa hapo kuna bolti gani iliyong'aa? Hii imeoza, na zile za nyuma ni nyeusi kwa masizi ya pasi za mkaa. Yule mzee hakugusa kitu."

Sajini alizitazama bolti za nyuma. Kweli zilikuwa nyeusi, hazina mng'ao wowote. Mchana ule ule alimkamata Mzee Kutu nyumbani kwake, mguu mmoja umefungwa bandeji, na mzee hakubisha sana. Aliuliza tu kama anaweza kuchukua dawa zake za sukari.

Siku mbili baadaye Sajini alianza kushindwa kula.

Binti ya Mzee Kutu alikuwa habanduki kwenye kaunta ya kituo. Hakulia, hakupiga kelele. Angekuwa wa kupiga kelele ingekuwa nafuu. Alisimama tu na mfuko wa dawa mkononi, na kila Sajini alipopita, aliulizwa.

"Amekunywa?"

"Amekunywa."

"Kidonda kimefungwa upya?"

"Konstebo kamfungia asubuhi."

"Konstebo ni daktari?"

Sajini alipita na kuingia kwa mkuu wa kituo. Mkuu alikuwa na faili mbele yake na kalamu tayari.

"Kesho saa sita mzee anakwenda mahakamani," Mkuu alisema. "Akitoka huko anapelekwa gerezani kusubiri kesi. Funga hili jambo."

"Afande, mguu wake unazidi kuharibika. Gerezani hatamaliza wiki."

"Mguu haumo kwenye faili, Kupe."

Basi akateremka mahabusu. Harufu ya kidonda ilimpokea kabla ya mwenyewe. Mzee Kutu alikuwa ameketi sakafuni, mguu kaupandisha juu ya ndoo iliyofunikwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kunikamata mara ya pili?"

"Nimekuja kuuliza. Ulipaka bolti ngapi?"

"Mnara una bolti nne. Nipake tano?"

"Kama ulipaka, mbona hazikung'aa?"

Mzee alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini mkaa si mweupe. "Zing'ae? Nani kakwambia zitang'aa?"

"Hii dawa si inatoa kutu?"

"Ukiipaka ukasuuza, inatoa. Mimi sisuuzi. Naipaka juu ya kutu, naiacha inakauka hapo hapo, na ile kutu inageuka. Inakuwa ngozi nyeusi, imeng'ang'ania chuma. Ukiona bolti nyeusi, mwanangu, jua nimepita."

"Nimeambiwa ule weusi ni masizi ya pasi."

"Masizi yanafutika. Nenda kafute."

Sajini alisimama pale akishika nondo za mlango. Kama mzee anadanganya, anadanganya vizuri. Kama anasema kweli, basi yeye Sajini amemtia mtu asiye na hatia kwenye chumba hiki kwa mkono wake mwenyewe, kwa sababu ya neno la mtu mwingine ambalo hakulipima.

Kiwandani mashine mbili zilikuwa zinanguruma. Msiba msiba, lakini hospitali haiwezi kulaza wagonjwa juu ya magodoro matupu. Sajini hakumwita mtu. Alikwenda moja kwa moja kwenye miguu ya nyuma ya mnara, akalowesha leso, akaisugua bolti ya kwanza mpaka vidole vikamuuma. Leso ilitoka na vumbi. Bolti ilibaki nyeusi vile vile.

Akapiga magoti. Kwenye saruji, chini ya mguu, palikuwa na madoa madogo meupe, na alipopitisha kidole alihisi panakwaruza, kama pameumwa. Akahamia mguu wa pili wa nyuma. Yapo. Akaenda kwenye miguu ya mbele. Yapo, kwenye miguu yote miwili. Halafu akaona jingine. Bomba la chini la mguu wa mbele lilibaki na tundu lake la bolti, na kulizunguka tundu lile palikuwa na pete nyeusi, upana wa kichwa cha bolti na zaidi kidogo, dawa ilipotiririka ikakaukia.

"Afande, umepoteza hereni?" sauti ilimuuliza. Ilikuwa ya mpiga pasi wa kiwanda, mama mnene wa maneno mengi aliyeitwa Mama Pasi.

"Njoo uone. Haya madoa unayajua?"

"Siyajui wapi! Ni siku ile Mzee Kutu anapaka dawa yake. Kila tone likigusa saruji linachemka lenyewe bila moto, linatoa povu. Nikamfokea, nikamwambia wewe mzee utatutobolea sakafu mpaka tuangukie kuzimu."

"Alipaka miguu yote?"

"Yote. Alinisumbua siku nzima, nilikuwa napigia pasi pale pale chini ya tangi."

"Lakini siku ya ajali hukuwa chini ya tangi."

Mama Pasi alikunja uso. Konstebo, aliyekuwa amefika sasa, akasogea karibu. Yeye alikuwa ameshamkatia mama huyu hukumu tangu aliposikia kwamba aligombana na marehemu.

"Na wiki ile Bosi alitaka kukufukuza," konstebo alisema. "Uliunguza gauni la bibi harusi."

"Niliunguza pindo! Pindo, kijana, ukubwa wa ukucha. Na tulishayamaliza."

"Ukagombana naye, halafu siku moja kabla ya tangi kuanguka ukahamisha meza. Ulijuaje?"

"Ungenijua usingeniuliza hivyo. Meza ile nzito kama mkwe aliyenuna, naihamishaje kwa hiari yangu? Nimeambiwa! Nimeambiwa hamisha, moshi wa mkaa unachafua mashuka ya hospitali."

"Na nani?" Sajini aliuliza.

"Si Shemeji? Hata alinisaidia kubeba. Nikashangaa, maana tangu nimjue hajawahi kunisaidia kubeba hata kikombe."

Sajini alijikung'uta vumbi magotini. Aliingia ndani, kwenye chumba cha pasi, kutazama meza ilipohamishiwa. Pasi za mkaa zilikuwa zimepangwa kwenye jiko zikingoja, na ukutani palikuwa na rafu ya sabuni, buluu na madumu ya dawa. Dumu moja jeupe la plastiki lilikuwa limevimba tumbo, pande zote nne zimejitokeza mpaka haliwezi kusimama sawasawa.

"Na hilo lina nini?"

"Dawa ya madoa ya kutu," alisema Mama Pasi. "Limeanza kuvimba tangu siku ya msiba. Tunasema labda nalo lina mimba. Shemeji kasema tusiliguse, limeharibika, atalitupa mwenyewe."

Jioni Sajini alipita duka la vifaa vya ujenzi, akanunua chupa ndogo ya dawa ya kutu, ya aina ile ile ya Mzee Kutu. Mumewe alikuwa mwalimu wa kemia sekondari. Alimkuta jikoni anamenya vitunguu, akaiweka chupa mezani.

"Asidi ya fosforasi," mume alisoma kwenye chupa. "Unataka kuninywesha?"

"Ukinichelewesha, ndiyo. Niambie inafanya nini."

Mume alipoona mkewe hatabasamu, akaosha mikono. Alitafuta msumari wenye kutu na msumari mpya. Ule wenye kutu aliupaka dawa kwa kijiti cha pamba, akauweka juu ya kigae. Ule mpya aliutumbukiza kwenye bilauri, akamimina dawa kidogo na maji.

"Asidi hii ni ya upole kuliko ya betri," alisema. "Ni nzito kidogo, haina harufu, haikurukii. Ndiyo maana mafundi wanaipenda na madobi wanaipenda. Kwenye kitambaa unaiwahi, unaisuuza, kutu inaondoka nayo. Kwenye chuma ukiiacha, inashikana na kutu na kuigeuza kitu kingine, cheusi, kinachofunika chuma kama ngozi. Ikidondokea saruji inakula chokaa iliyomo, hapo ndipo povu linapotoka."

"Na kwenye chuma kisicho na kutu?"

"Tazama."

Kwenye bilauri msumari mpya ulikuwa umeanza kuvaa vipovu vidogo vidogo, kimoja kinapanda, kingine kinafuata.

"Chuma kinaliwa pole pole, na inatoka haidrojeni. Ni gesi nyepesi, huioni, huinusi. Ila inawaka. Usiisogeze karibu na moto."

"Je, kama chombo kimefungwa?"

"Gesi itakwenda wapi? Itakisukuma chombo."

"Kama ni cha plastiki?"

"Kitavimba."

Sajini alikaa chini taratibu. Mumewe alimwekea chakula, kikapoa. Yeye alikuwa anautazama ule msumari wa kwenye kigae, ambao bado ulikuwa wa kahawia, na kila alipoutazama ulikuwa bado wa kahawia.

"Usiposogea mtu atadhani unauatamia kama kuku," mume alisema.

"Usipogeuka nimeua mtu."

Alilala hapo hapo kwenye kiti. Alfajiri alipofumbua macho, mwanga mdogo umeingia dirishani, msumari ulikuwa mweusi tii. Aliusugua kwa kidole, kwa kitambaa, kwa ukucha. Ukabaki mweusi.

Bolti mbili za nyuma zilipakwa, ndiyo maana ni nyeusi. Matundu ya mbele yana pete nyeusi, kwa hiyo bolti zilizokuwa humo nazo zilipakwa. Basi ile nusu ya kahawia, inayoacha unga kidoleni, haikuwahi kuwa kwenye mnara ule. Mtu aliileta. Na zile mbili za kweli zimefichwa mahali.

Saa tatu asubuhi alikuwa kiwandani. Aliwakusanya kwenye chumba cha pasi: Shemeji, Mama Pasi, na mjane wa Bosi, aliyekuja na kanga nyeusi kichwani kwa sababu Sajini alimwomba kwa heshima zote. Konstebo alisimama mlangoni. Saa ya ukutani ilikuwa inakimbia kwelikweli, au hivyo ndivyo Sajini alivyoiona.

"Kwanza, Mama Pasi, toa nje jiko lote na pasi zake. Fungua madirisha."

"Moto ndiyo kwanza umeshika, afande."

"Toa."

Shemeji alicheka kidogo, kicheko kikavu. "Tumefiwa, kazi zimelala, na wewe unatufanyia usafi."

"Shemeji, nisaidie jambo moja. Ulisema dawa ya kutu inang'arisha."

"Ndiyo. Nimeitumia tangu sijaota ndevu."

"Kwenye mashuka. Unaisuuza, panabaki peupe. Lakini Mzee Kutu hasuuzi." Sajini aliweka mezani bolti ya mguu wa nyuma, aliyoifungua asubuhi ile baada ya mafundi kuondoa mabaki ya tangi, na msumari wake mweusi. "Chuma kilichopakwa kinakuwa hivi. Wewe ulipoutafuta uongo, uliutafuta kwa akili ya dobi. Ulidhani kilichopakwa ni cheupe na kisichopakwa ni cha kahawia, ukaleta cha kahawia. Weusi hukuujua."

"Nimeleta nini? Dada, unamsikia huyu?"

 Mjane aliinamisha uso.

"Stoo ya chuma chakavu, ufunguo uko kwa nani?" Sajini aliuliza.

"Kwangu. Hapa kila ufunguo uko kwangu."

"Ulimpa konstebo asubuhi ulipofika, hukukataa. Ahsante. Ndani kuna pasi kubwa ya kukandamizia iliyokufa siku nyingi. Imefungwa kwa bolti, na moja imekatika. Nusu ya chini imebaki kwenye tundu lake." Alitoa kitambaa, akakifunua. Nusu mbili za kahawia zilikuwa humo. Akazikutanisha, na meno ya moja yakaingia kwenye mapengo ya nyingine bila kubaki nafasi.

Mama Pasi alivuta pumzi kwa sauti.

"Yeyote angeweza kuingia stoo," Shemeji alisema. Jasho lilikuwa linamtiririka kwenye mashavu. "Mzee Kutu mwenyewe anaingia. Huyu mama anaingia."

"Mimi? Kwa ufunguo gani, ulimi wangu?"

"Huyu aligombana na marehemu!" Shemeji alipaza sauti. "Kaunguza gauni, katukanwa, kahamisha meza—"

"Kwa nini alihamisha meza?" Sajini alimkata.

Shemeji alijifuta jasho kwa kiganja.

"Sema, Shemeji, mbele ya dada yako. Nani alimwambia ahamishe? Moshi wa pasi umekuwa hapa miaka yote. Siku moja kabla tangi halijaanguka ndiyo ukaanza kuchafua mashuka?"

Macho ya Shemeji, bila yeye kutaka, yalikwenda kwenye rafu na kurudi. Sajini alikuwa anayangojea macho hayo.

"Naam," alisema. "Tulifikie dumu."

"Limeharibika. Nilikuwa nalitupa leo." Na alikuwa ameshapiga hatua, mkono mbele.

"Usiliguse!" Konstebo aliwahi kumdaka kiwiko.

Sajini alilibeba mwenyewe, mikono miwili, akatoka nalo uani mbali na jiko. Alivaa glovu za mpira za kufulia. Alikilegeza kifuniko robo ya mzunguko, akasimama, akasikiliza. Dumu lilipiga mluzi, mrefu, mwembamba, na tumbo lake likaanza kushuka. Hakuna aliyesogea mpaka mluzi ulipokwisha. Kisha akainamisha dumu juu ya beseni, taratibu, dawa ikatoka ikiwa imechafuka kijani, na mwisho kabisa kikagonga kitu kizito mdomoni mwa dumu. Kikafuata kingine.

Bolti mbili nene. Weusi wao umemomonyoka, mahali pengine chuma kimetoka kijivu, na vipovu bado vinapanda.

"Ulitaka kuifuta dawa ya Mzee Kutu," Sajini alisema, "kama unavyofuta doa. Hukujua kwamba chuma ndani ya dumu lililofungwa hakinyamazi. Usiku wa kuamkia siku ile ulizitoa hizi mbili. Tangi tupu ni jepesi, mabomba yalikwama yenyewe. Asubuhi ukawasha pampu, ukajua saa ambayo Bosi anaweka kiti chake, ukapakia mashuka ukaondoka. Uliporudi watu wanalia, ukadondosha ile ya kahawia."

Mjane alisogea mpaka akawa uso kwa uso na kaka yake. Hakumpiga. Alimwita kwa jina alilomwita mama yao, jina la utotoni, na hilo ndilo lililomvunja.

"Kitindamimba. Mume wangu alikukosea nini?"

"Alinifukuza, Dada." Sauti ilikuwa imepwaya. "Hukuambiwa? Alinikuta nimechanganya mashuka ya hospitali na ya wageni kwenye mashine moja. Maji yalikuwa haba siku ile, nilitaka kazi iishe. Akanisimamisha hapa uani, mbele ya watu wa hospitali, akasema mwezi ukiisha nisionekane. Nikamwambia nitakwenda wapi? Akasema hilo ni la kwangu. Dada, ujana wangu wote nimeufua humu ndani. Sina ufundi mwingine, sina nyumba, hata kitanda ninacholalia ni cha stoo yake."

"Ungekuja kwangu."

"Ningekuja na uso gani?"

"Uso huo huo ulionao sasa. Ulikuwa bado msafi." Mjane akajifunika kanga, akageuka, na Mama Pasi akamshika begani.

"Na Mzee Kutu?" Sajini aliuliza, wakati konstebo anamfunga pingu. "Yeye naye alikufukuza?"

Shemeji aliangalia chini. "Yule nilimwona mzee tu. Nikajua watamhurumia, watamwachia."

Mkuu wa kituo alisoma maelezo mara mbili, akatazama bolti, akaivuta kalamu yake na kufuta alichokwisha kuandika. Hakusema pole. Alisema, "Mtoe," basi. Ilikuwa saa tano na dakika arobaini.

Sajini alikimbia ngazi. Mzee Kutu alikuwa amelala sasa, hakuketi tena, midomo imemkauka, na bandeji imegeuka rangi. Alipofunguliwa mlango hakuinuka. Aliangalia tu pale mwanga ulipoingia.

"Umefuta masizi?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Hayakufutika, mzee. Nisamehe. Twende."

Akainama amshike kwapani, lakini mtu alimpita kwa nguvu, mfuko wa dawa unapepea mkononi. Ilikuwa binti.

"Usimguse," binti alisema. "Baba yangu nitambeba mwenyewe."

Na kweli alimbeba. Alimtoa akiwa mgongoni kama mtoto, mguu mbovu unaning'inia, askari wakipisha njia kila upande. Sajini alifuata nyuma, mikono mitupu, mpaka nje, mpaka kwenye gari aliloliagiza. Binti alimlaza baba yake kiti cha nyuma, akaweka kichwa chake mapajani. Sajini akabaki amesimama juani, hajui kama aufunge mlango au asiufunge.

Binti alimtazama. Uso wake haukuwa umelegea hata kidogo.

"Panda," alisema. "Hospitali kuna foleni. Wakiiona sare yako watatupokea upesi."

Sajini akapanda mbele, akamwambia dereva awashe king'ora.